Chagua mwezi, kisha utazame mwezi: ya kuzingatia kabla ya safari ya kupiga mbizi

Kila anayepanga safari ya kupiga mbizi huuliza, "Twende mwezi gani?" Swali hilo ni nusu ya kazi. Katika pwani yetu, kuanzia Watamu hadi Mafia, upepo ndio unaochagua mwezi wa kalenda, na mwezi wa angani ndio unaochagua wiki. Ukipatia la kwanza ukakosea la pili, utalipa nauli, malazi na mitungi ya hewa ili uone mchanga uliotibuka.

Anza na upepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na Juni na Julai ndiyo miezi yake ya ukali. Kati ya pepo hizo kuna vipindi viwili vya utulivu, viitwavyo tanga mbili: Oktoba na Novemba, halafu mwisho wa Februari hadi katikati ya Machi, Kaskazi inapochoka. Bahari hulala, boti hufika miamba ya nje bila taabu. Mwenye uhuru wa kuchagua achague hapo.

Masika usiende. Mvua yenyewe si hoja, hoja ni mito. Rufiji humwaga tope mbele ya Mafia, na Sabaki ikifurika bahari ya Malindi hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Vituo vingi vya mbizi vya Diani na Watamu hufunga Mei na Juni, na hoteli nyingi za visiwani hufunga Aprili na Mei. Wala usiseme vimbunga ni vya Msumbiji tu: Hidaya ilitua Mafia tarehe 4 Mei 2024.

Suti ya mbizi: Februari na Machi maji hufika nyuzi 29 au 30, unene wa milimita 3 unatosha. Agosti hushuka hadi nyuzi 25. Anayezama mara mbili kwa siku achukue milimita 5. Baridi hiyo huisikii siku ya kwanza, huja siku ya tatu.

Upande wa kisiwa nao ni uamuzi wa msimu. Kusi hupiga mashariki, kwa hiyo tafuta kinga magharibi: Misali kwa Pemba, Kendwa au miamba ya mbele ya Mji Mkongwe kwa Unguja. Kaskazi ikikaza, Mnemba na ncha ya Nungwi ndizo hupata mawimbi. Mafia unaweza kuzama ndani ya Ghuba ya Chole karibu mwaka mzima, lakini kuta za miamba za nje zisubiri Kaskazi.

Unayetaka wanyama, jua unachokubali kupoteza. Papa potwe wa Kilindoni, Mafia, huonekana zaidi kati ya Oktoba na Machi, na huogelewa nao juu ya maji, bila mtungi. Wanafuata chakula kidogo kidogo kinachoelea, na chakula hicho ndicho kinachofanya maji yawe na ukungu. Usitarajie papa potwe na maji ya kioo mahali pamoja. Nyangumi hupita Julai hadi Septemba, katikati ya Kusi.

Sasa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hili watu wa bara hulisahau kabisa, na ndilo linalotesa wageni.

Bahari hii hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa kama mita 1 au zaidi kidogo. Siku za bamvua hukaribia mita 4. Muda ni uleule, takriban saa 6 kila upande. Maji mengi zaidi yapite mlango uleule kwa muda uleule: hayana njia ila kwenda mbio.

Chukua mlango wa Kinasi, pale Ghuba ya Chole inapotokea bahari kuu. Maji yakijaa, bahari safi huingia ghubani. Unaona mbali, na ukichukuliwa unachukuliwa kwenda ndani. Maji yakitoka, ghuba humwaga mchanga na tope la mikoko, na ukichukuliwa unachukuliwa kwenda nje. Kusi ikiwa inavuma, mkondo unaotoka hukutana ana kwa ana na mawimbi yanayoingia. Mawimbi hayo husimama wima, mafupi na makali, na nahodha hawezi kuona kichwa cha mtu hata kikiwa mita 100 tu kutoka kwenye boti.

Piga hesabu. Mkondo wa kilomita 4 kwa saa hukubeba zaidi ya mita 600 kwa dakika 10. Mtungi wa lita 12 uliojazwa kwa shinikizo la bar 200 una kama lita 2,400 za hewa. Ukitumia lita 20 kwa dakika juu ya maji, kwenye mita 20 shinikizo ni mara 3, kwa hiyo unatumia lita 60: dakika 40. Ukianza kupiga mapezi kushindana na mkondo, matumizi hupanda hata maradufu, na zile 40 hubaki 20, hapo hujatoa robo ya mtungi ambayo ni akiba. Mtu huingiwa na hofu, hupanda haraka bila kusimama dakika 3 kwenye mita 5, hutokea juu akiwa peke yake, na boti inamtafuta upande mwingine.

Dawa yake iko ukutani, kwenye kalenda ya Kiislamu. Tarehe 7 hadi 9 na 22 hadi 24 za mwezi mwandamo ni maji mafu. Tarehe 14 hadi 17, na kuanzia 29 hadi 2 au 3 ya mwezi unaofuata, ni bamvua. Weka siku zako za mbizi kuzunguka maji mafu. Kuna faida ya pili: siku hizo pwani yetu hujaa kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, kabla upepo wa mchana haujakaza. Siku za bamvua, saa hizohizo maji yamekupwa. Boti za mashariki ya Unguja zimekaa mchangani na wewe unabeba mtungi kwa miguu juu ya mwani. Kumbuka pia kwamba maji huchelewa kama dakika 50 kila siku, basi saa ya jana si saa ya leo.

Wazoefu wengine huifuata bamvua makusudi Pemba, kwa sababu mkondo huleta samaki wakubwa. Waache wao. Mwenye cheti cha wanaoanza, cha kushuka mita 18 tu, hana kazi huko.

Kila mtu awe na boya lake refu la rangi kali, uzi wake na filimbi. Boya moja kwa kundi halitoshi, maana mkondo hutenganisha kundi. Kabla ya kulipa, uliza kama boti ina oksijeni na redio, na kama nahodha hubaki juu wakati wote watu wakiwa chini.

Kurudi nyumbani: baada ya mbizi za siku kadhaa, kaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na 24 ni bora, kwa sababu kwenda juu mapema, kama kupanda haraka kutoka chini ya maji, huweza kuleta ugonjwa wa mgandamizo. Ndege ndogo ya Mafia nayo ni ndege. Hata barabara na reli zinahesabika: treni ya SGR hukutoa Mombasa usawa wa bahari na kukufikisha Nairobi, juu ya mita 1,600, kwa saa 5 au 6. Anayetoka Tanga kupanda Lushoto ajihesabu vilevile.

Ukiwa na mafua, usizame. Bima isomwe kama inataja mbizi. Ulizeni chumba cha shinikizo, kinachotibu ugonjwa huo, kilicho karibu kiko wapi na kama kinafanya kazi. Tazameni taarifa za bahari za Mamlaka ya Hali ya Hewa kila jioni, na nahodha akisema leo hatutoki, msimbembeleze. Mwulizeni tu kesho maji yanajaa saa ngapi.