Kupanga Finlandia kwa bendi ya watoto wanaoanza, hatua kwa hatua

Wengi wakitafuta muziki wa kizalendo kwa bendi ya watoto wanakimbilia machi, noti za mbiombio na trampeti za juu, halafu watoto wanahangaika. Mimi nasema chukua Finlandia, kazi ya okestra ya mtunzi Mfini Jean Sibelius, ila siyo yote, ule wimbo wa taratibu unaokuja baadaye tu. Aliitunga 1899 Wafini (watu wa Finland) wakiwa chini ya Urusi na magazeti yao yanabanwa, na nguvu yake iko kwenye melodi, haihitaji kasi.

Kwanza cheki hakimiliki. Sibelius alifariki 1957, kwa hiyo nchi zinazolinda kazi miaka 70 baada ya kifo bado zinailinda hadi mwisho wa 2027, na kupanga upya kunahitaji ruhusa.

Hatua ya 1: iandike melodi kwa solfa. Inaanza m r m f (mi re mi fa), na ukiifuata mpaka mwisho utaona haishuki chini ya do wala haipandi juu ya la, na ti haimo kabisa. Noti sita tu!

Hatua ya 2: ufunguo. Sibelius aliuweka kwenye A flati, wewe pandisha toni moja iwe B flati. Hapo klarineti na trampeti, ambao noti zao huandikwa toni moja juu ya zinavyosikika, wanasoma C mpaka A bila shapu wala flati (alama za kupandisha au kushusha noti nusu toni) hata moja, na klarineti anabaki rejista ya chini muda wote. Saksafoni alto anasoma G mpaka E, ile F shapu ya kwenye ufunguo wake haigusi.

Hatua ya 3: tromboni, na hapa usiende haraka. Mwanzo wa melodi kwake ni D, C, D, yaani pozisheni (mahali pa kusimamisha bomba la kuvuta) ya nne, ya sita, ya nne tena, na mtoto mwenye mkono mfupi ya sita haifikii vizuri, atacheza C iliyopanda na atakata pumzi kila mara akivuta bomba. Kwa hiyo usimpe melodi, mpe besi, noti ndefu za B flati, E flati na F ambazo ziko pozisheni ya kwanza na ya tatu, na utashangaa bendi nzima inavyokaa juu yake.

Hatua ya 4: mistari mitatu inatosha, melodi, sauti ya kati, besi. Kila mstari upewe angalau vyombo viwili tofauti maana siku ya onyesho kuna mtoto hatakuja. Mara ya kwanza melodi iwe kwa fluti na klarineti, mara ya pili trampeti waingie, Sibelius mwenyewe aliwaanzisha wa vyombo vya mbao (kama fluti na klarineti) kabla ya wa nyuzi (kama fidla).

Hatua ya 5: lile pigo la kwanza tupu. Melodi inaingia pigo la pili na watoto karibu wote wataingia mapema, basi besi na ngoma kubwa wapige pigo hilo la kwanza kwa sauti ya chini, watoto wanalisikia ndo wanavuta pumzi.

Hatua ya 6: weka alama za pumzi wewe mwenyewe, ukiwaachia watakata katikati ya sentensi. Usiende polepole sana pia, kama robo noti 84 kwa dakika hivi, chini ya hapo pumzi zinaisha. Kisha chukua kila karatasi uiimbe peke yake kuanzia juu mpaka chini, ya sauti ya kati hasa, na ukikuta mruko unaokusumbua wewe kuimba, ubadilishe kabla hujaprinti.