Jinsi ya kubishana kuhusu "kura zimeibwa" bila kuchemka

Ukikaa vijiwe vya kahawa Ngamiani hapa Tanga, hasa Kenya wakiwa na uchaguzi maana Horohoro ni hapo tu na kila mtu ana ndugu Mombasa, hoja utakayoisikia ni ileile: utafiti wa maoni ulisema jamaa anaongoza, kaja kushindwa, basi kaibiwa. Hoja tamu ila haina miguu, na wanaoipinga nao wengi wanaipinga vibaya. Sasa fanya hivi.

Kwanza uliza utafiti wenyewe ulihoji watu wangapi na uliwapataje. Watu 1,000 waliochaguliwa bila upendeleo, kiwango cha makosa ni kama pointi 3 juu au chini kwa kila mgombea, na pengo la wagombea wawili linaweza kuyumba karibu mara mbili ya hapo, kwa hiyo mtu "anaongoza kwa 4" huyo bado hajaongoza. Na hiyo 3 ni bahati ya sampuli tu, haijagusa waliokataa kujibu, waliomdanganya muulizaji wala ambao hawajaamua. Wingi peke yake hausaidii: Marekani mwaka 1936 gazeti la Literary Digest lilipata majibu zaidi ya milioni 2 likasema Landon anashinda urais, mpinzani wake Roosevelt akabeba majimbo 46 kati ya 48. Waliwatafuta kwenye orodha za wenye simu na magari, enzi za dhiki kuu, unategemea nini?

Pili, na hapa ndo watu wanapitaga haraka, angalia makosa yalienda upande gani. Kenya 2022 Ipsos, kampuni ya utafiti wa maoni, walimpa Raila asilimia 47 na Ruto 41, matokeo yakatoka Ruto 50.49 na Raila 48.85. Yani Raila hakupungua hata kidogo, alizidi kile cha utafiti, ila Ruto ndo alipanda pointi 9 na kitu, na wasioamua au waliokataa kusema walikuwepo wa kutosha. Hiyo haithibitishi kwamba hamna kilichoibwa, inaonyesha tu utafiti hauwezi kuwa shahidi. Na kwetu 2015 Twaweza, shirika la utafiti, walisema Magufuli 65 Lowassa 25, Tume ikatangaza 58.46 kwa 39.97. Lowassa alizidi utafiti kwa karibu pointi 15 na sijasikia hata mmoja akisema kura ziliibwa kwa ajili ya Lowassa! Kama pengo kati ya utafiti na matokeo ni ushahidi basi liwe ushahidi kote kote.

Tatu, anayedai ndo anayethibitisha. Mdai aje na kituo gani, fomu ipi, wakala nani alitolewa nje. Lakini usiishie hapo kama wapambe wanavyofanya, "leta ushahidi leta ushahidi" huku karatasi zimefungiwa kabatini. Aliyeshika karatasi naye ana deni. Kenya 2017 Mahakama ya Juu iliamuru tume ifungue seva zake zikaguliwe, tume haikutekeleza ipasavyo, majaji wakalihesabu hilo dhidi yake, na tarehe 1 Septemba matokeo ya urais yakafutwa, majaji 4 kwa 2. Hakuna aliyehitaji utafiti wa maoni pale.

Huku kwetu kuna kikwazo kingine, ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama kuchunguza urais ukishatangazwa, na Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2020 kwamba hilo linakiuka Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Kwa hiyo mtu akikwambia "mbona hawakwenda mahakamani" kuhusu rais wa Tanzania, mwambie aende akaisome hiyo ibara kwanza, ubunge ndo unapingwa Mahakama Kuu.

Mwisho piga hesabu. Kenya 2022 tofauti ilikuwa kura 233,211 na vituo 46,229, yani kura 5 hivi kwa kituo. Inaonekana ndogo, lakini kuiba 5 kila mahali unahitaji mawakala wa vituo vyote wanyamaze, na ukiiba nyingi vituo vichache basi fomu 34A, yani fomu za matokeo ya kila kituo, za vituo hivyo hazitafanana na nakala za mawakala, na mwaka ule fomu zilipandishwa kwenye mtandao kila mtu azione. Kwa hiyo anayedai muulize: vituo vingapi, kura ngapi kila kimoja, na zikijumlishwa zinafika 233,211 au hazifiki?