Kupiga baiskeli msitu wa Landes, Ufaransa, bila kusumbuana na magari: maelekezo kwa watu wa Mtwara na Lindi

Anayeendesha baiskeli huku kwetu anajua kwamba tatizo sio mlima wala jua, tatizo ni lami. Ukitoka Mtwara kuelekea Mingoyo malori yanakupita mkono umenyoosha unayagusa, na msimu wa korosho ndo usiseme, unaendesha shingo imegeukia nyuma. Sasa wapo ndugu zetu wanaopata safari za Ufaransa, mwingine kozi, mwingine shule, mwingine kaalikwa tu na shemeji yake, halafu siku zote zinaishia Paris kwenye mnara. Nakuomba, kama una siku tano za nafasi, panda treni nenda kusini magharibi, kuna msitu kule unaweza kuendesha asubuhi mpaka mchana bila kupigiwa honi hata mara moja.

Msitu wenyewe unaitwa Landes. Ni mkubwa, kama hekta milioni moja hivi, na karibu wote ni misonobari iliyopandwa na watu. Zamani pale palikuwa tambarare la majimaji, wachungaji wa kondoo walikuwa wanatembea juu ya miti mirefu waliyofunga miguuni ili wavuke madimbwi na waone mifugo kwa mbali, halafu mwaka 1857 enzi za Napoleon wa Tatu ikatoka sheria ya kuzilazimisha jumuiya za pale zikaushe maji na zipande miti. Nakuambia haya kwa sababu ndo yanayoeleza utakachokutana nacho ukiwa juu ya baiskeli: ardhi bapa kabisa, njia zilizonyooka, na chini ni mchanga.

Huo mchanga ndo jambo la kwanza la kulishika. Njia ya baiskeli yenyewe ina lami au zege, inapitika vizuri tu, lakini pembeni utaona vinjia vimekata msitu, vipana, vinaonekana vya mkato, ni vya kuzuia moto na vya kupitisha mashine za magogo. Ukiingia pale na mzigo tairi linazama kama uko njia ya kwenda Msimbati, utashuka usukume. Ramani za simu zinapenda sana kukupitisha huko maana zinaona ni karibu zaidi, usizikubalie. Chagua ramani inayoonyesha aina ya njia, ishushe kwenye simu kabla hujatoka maana ndani ya msitu mtandao unakatakata, na ukiwa njiani fuata vibao.

Njia ya kufuata inaitwa La Vélodyssée. Yote kwa ujumla ina zaidi ya kilomita 1,200, inaanzia Roscoff kaskazini mpaka Hendaye mpakani na Hispania, na ni kipande cha EuroVelo 1, njia ndefu ya baiskeli ya Ulaya inayotoka Norwei mpaka Ureno. We huhitaji yote. Chukua kipande cha Arcachon mpaka Bayonne, kama kilomita 200 hivi, ndo penye misonobari yenyewe. Sehemu kubwa magari hayaruhusiwi kabisa. Sisemi yote, kuna vipande unaingia mjini au unapita barabara ndogo ya kijiji, ila ukilinganisha na tulivyozoea sisi ni raha tupu.

Jinsi ya kufika: kutoka Paris stesheni ya Montparnasse treni ya mwendokasi inafika Bordeaux kwa masaa mawili na kidogo, hapo unabadilisha treni ya mkoa wanaita TER, chini ya saa moja uko Arcachon. Kama una baiskeli yako, kwenye treni ya mwendokasi mara nyingi inabidi uifungue uitie kwenye begi lake, TER unaingia nayo nzima. Mi ushauri wangu kodi hukohuko, kubeba baiskeli toka Mtwara mpaka Dar kisha ndege ni gharama na presha, na miji ya pwani ile yote ina maduka ya kukodisha. Ila uliza mapema kama wanakubali uirudishie mji mwingine. Wakikataa usilazimishe, kaa sehemu moja kama Léon au Moliets, piga tenti, kila siku unatoka upande mmoja unarudi jioni, utaona mengi tu na baiskeli itakuwa nyepesi.

Kwa anayekwenda moja kwa moja, gawa kilomita 40 mpaka 50 kwa siku. Najua kuna watu huku wanatoka na gunia keriani Naliendele mpaka mjini kila siku na hawachoki, wataniambia 50 ni kidogo. Ni kidogo kweli, lakini una mzigo na kuna vitu vya kusimama uvione. Siku ya kwanza tu ukitoka Arcachon unapita lile tuta la mchanga la Pilat, lina urefu wa mita 100 na ushee kwenda juu, ndo refu kuliko yote Ulaya, funga baiskeli panda kwa miguu uone bahari upande huu na msitu upande ule. Sehemu ya msitu hapo chini iliungua vibaya Julai 2022, bado makovu yanaonekana. Kisha unashuka Biscarrosse. Usishangae kutoka hapo kwenda Mimizan njia inaiacha bahari inaingia ndani upande wa maziwa, pwani ile ni eneo la jeshi la kujaribia makombora, hupiti. Na mtu wa Mtwara aliyezoea habari za gesi ya Mnazi Bay atapenda kujua kwamba pale Parentis waligundua mafuta mwaka 1954 na visima vingine viko ndani ya ziwa lenyewe. Baada ya Mimizan ni misonobari na misonobari mpaka Léon, na hapo ukiwa na nusu siku panda mtumbwi wa kule ushuke mto Huchet, nitasisitiza hilo kwa yeyote. Kisha Vieux-Boucau, Hossegor, Capbreton, unamalizia Bayonne.

Kuna na njia nyingine ya ndani kabisa, Mios mpaka Bazas, zaidi ya kilomita 70, ilikuwa reli wakaing'oa wakaweka lami ya baiskeli. Kila nikiifikiria nakumbuka reli yetu ya karanga, ile ya Mtwara kwenda Nachingwea, nayo iling'olewa miaka ya sitini. Tuta la reli halina mlima mkali wala kona ya ghafla, ni njia ya baiskeli iliyokwisha kutengenezwa, natamani siku moja mtu mwenye mamlaka huku aliwaze hilo.

Muda wa kwenda: Mei, Juni au Septemba. Julai na Agosti watu wamejaa, kambi zimejaa, na kikubwa zaidi ni moto. Hatari ya moto inatangazwa kwa rangi, na ikipanda sana wanafunga njia za msituni, za baiskeli zikiwemo, kwa hiyo kila asubuhi uliza kambini au angalia tangazo la mkoa. Sigara, jiko, kamoto kadogo ka chai, sahau kabisa ndani ya msitu. Huku kwetu tumezoea kusafisha shamba kwa moto, kule kosa hilo ni kubwa na kweli linaua. Kulala porini nako usijaribu, kambi ziko nyingi na nyingine ni za halmashauri, bei nafuu. Kuanzia katikati ya Septemba kuna wawindaji, vaa nguo inayoonekana. Mwisho wa baridi ya kule, kama Januari mpaka Aprili, kuna viwavi wanashuka kwenye misonobari wamefuatana mstari, usiwaguse, nywele zao zinawasha vibaya mno. Na jioni jikague kupe.

Sheria ndogondogo. Wanaendesha KULIA, jiambie kila ukitoka kambini maana ubongo utakurudisha kushoto hasa ukiwa peke yako na njia haina mtu. Lazima taa mbele na nyuma, kengele, breki mbili zinazoshika. Usiku nje ya mji lazima kizibao kinachong'aa, na mtoto chini ya miaka 12 lazima kofia ngumu. Namba ya dharura ni 112.

Chakula na maji: maduka ya vijijini yanafunga mchana, na Jumapili baada ya saa sita usitegemee kitu, nunua Jumamosi. Kwa wenzangu Waislamu, soma lebo, ukiona porc ni nguruwe, na pwani ile samaki wapo wa kutosha. Maji ukikwama nenda makaburini, makaburi mengi yana bomba na waendesha baiskeli wote wanajaza hapo, angalia tu pasiwe na maandishi non potable, yaani hayafai kunywa.

Zana usibebe karakana nzima: tyubu mbili, viraka na sulusheni, pampu, spana za allen, kiungo cha cheni cha akiba. Mabegi funga pembeni ya keria, chini, sio juu, yakikaa juu baiskeli inayumba. Na kabla hujaondoka funga kilo 12 hivi uende nazo Mikindani alfajiri na kurudi, wikiendi tatu nne, kiti kinachouma utakijua hukuhuku na fundi wako atakirekebisha.

Ukifika Bayonne treni ya kurudi Bordeaux ipo. Vua mabegi yote kabla haijaingia stesheni, inasimama muda mfupi, tafuta behewa lenye alama ya baiskeli, ingiza baiskeli kwanza mabegi baadaye.