Naloksoni: dozi moja huenda isitoshe kwa aliyezidiwa na unga

Nawaandikia jamaa na marafiki wa watumiaji wa unga (heroini) hapa Mombasa, pamoja na wahudumu wapya wanaoanza kuingia maskani (vijiwe vya watumiaji) za Kisauni, Likoni na Mji wa Kale. Mtu huzidiwa, hupigwa sindano moja ya naloksoni, dawa inayozima nguvu ya unga ili apumue tena, hufumbua macho, watu wakamshukuru Mungu kisha kila mmoja akashika njia yake. Wanamwacha wakati ambao bado anaweza kufa.

Hatua ya 1: Mtazame vizuri

Mwite kwa sauti. Msugue kwa nguvu mfupa wa katikati ya kifua kwa vifundo vya ngumi. Aliyelewa tu atakunja uso au atakutukana, aliyezidiwa hajibu. Hesabu pumzi: zikiwa chini ya 10 kwa dakika, au anakoroma kwa kukatakata, hali ni mbaya. Kwa ngozi yetu nyeusi, angalia ndani ya midomo na kwenye kucha kama pamegeuka kijivu. Mboni za macho husinyaa zikabaki kinukta.

Piga 999 au 112, au mtume mtu akatafute tuktuk. Wewe usiondoke. Wala msimmwagie maji, wala msimtie maziwa kinywani. Asiyejitambua hamezi, maziwa yatakwenda mapafuni.

Hatua ya 2: Pumzi kabla ya sindano

Unga huua kwa kuuzima ule msukumo wa ubongo unaotufanya tupumue. Kwa hiyo mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5 huku ukiona kifua kinapanda. Kama moyo umesimama, mkandamize kifua pia.

Hatua ya 3: Dozi ya kwanza

Ampuli ya kawaida ina miligramu 0.4. Idunge kwenye msuli wa paja au wa bega, hata juu ya nguo. Ukiwa na ile ya kupuliza puani, tumia hiyo. Kama kumbe hakutumia unga wala dawa za jamii yake, naloksoni haitamdhuru, kwa hiyo usisitesite. Endelea kumpulizia pumzi kwa dakika 2 hadi 3.

Hatua ya 4: Hapumui vizuri bado? Mpe ya pili

Hapa ndipo watu hukata tamaa upesi mno, wakasema dawa ni mbovu.

Unga, morfini, tramadoli, methadoni na fentanili zote hukaa mahali pamoja kwenye seli za ubongo. Fikiria baraza ya nyumba ya Mji wa Kale iliyojaa wageni wasiotakiwa. Naloksoni huwainua wale wageni na kuketi yenyewe, lakini haiwafukuzi mtaani. Wageni wakiwa wengi, au wakiwa wazito kama fentanili, naloksoni kidogo haiwezi kuwainua wote. Lazima uiongezee wenzake. Na yenyewe haikai sana: nguvu yake hudumu dakika 30 hadi 90 hivi, kisha huinuka. Wale waliokuwa wakingoja nje hurudi kuketi.

Ndiyo maana dozi hurudiwa kwa sababu mbili tofauti. Ya kwanza ni kuwa kiasi ulichompa hakikutosha. Hapo unarudia kila baada ya dakika 2 au 3 hadi apumue mwenyewe. Ya pili ni kuwa kilitosha, ila kimeisha mwilini kabla ya unga kuisha. Anayekunywa methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, katika kliniki ya Kisauni, kisha akaongeza kete (kipimo cha unga) jioni, ni wa kuangaliwa zaidi: methadoni huweza kubaki mwilini zaidi ya siku nzima. Huyo lazima afike hospitali, hata kama amekaa kitako na anazungumza.

Wapo pia waliochanganya unga na bugizi (vidonge vya usingizi) au pombe. Naloksoni haiviondoi hivyo. Anaweza kuwa anapumua vizuri na bado akalala fofofo. Usimrundikie dozi ili tu aamke. Unachokitafuta ni pumzi.

Hatua ya 5: Ameamka, kaa naye

Ataamka na arosto, yaani mwili kuudai unga: jasho, kutapika, mwili kuuma, hasira. Msamehe maneno yake. Mwambie kwa upole kilichomtokea, na kwamba arosto hii itapungua naloksoni ikiisha. Akitoroka akajidunga tena ili kuituliza, ule unga mpya utajumlika na wa awali uliobaki mwilini, na naloksoni ikiondoka atazama zaidi ya mwanzo. Nawasihi sana, msimwache peke yake kwa saa 2 angalau. Mtu aliyetoka juzi tu gereza la Shimo la Tewa yuko hatarini zaidi, kwa sababu mwili wake umeshausahau unga na kipimo chake cha zamani sasa kinamshinda.

Akisinzia, mlaze ubavu, goti la juu limekunjwa, na uendelee kuhesabu pumzi. Zikishuka tena, rudi hatua ya 2 na ya 4 bila kungoja.

Hatua ya 6: Njiani na hospitalini

Mnapotoka Likoni, kumbukeni foleni ya feri. Dozi mliyompa nyumbani yaweza kuisha kabla hamjafika ng'ambo, kwa hiyo bebeni iliyobaki, na mmoja wenu akae kando yake mkono ukiwa kifuani pake. Kila dozi andika saa uliyompa, hata kiganjani. Mkifika Coast General, mpe muuguzi saa hizo, idadi ya dozi, na chochote unachojua alikitumia, bugizi na methadoni zikiwemo. Usifiche kwa kuona haya. Daktari huzitumia habari hizo kuamua kama atamtundikia naloksoni kwenye dripu na atamweka chini ya uangalizi kwa muda gani.