Kiangazi cha Dodoma: mboga zishushe chini

Wenzangu mnaolima mboga nyuma ya nyumba hapa Dodoma, mvua zikishakatika kuelekea mwezi wa 5, sawazisheni matuta. Tuta la kuinuka ni zuri Januari, maji yanapotuama. Juni upepo unalikausha pande zote, na maji unayomwaga yanateremka pembeni, hayafiki kwenye mizizi.

Chimba kitanda kilichozama. Upana mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga ndani; kina futi moja. Changanya ule udongo na samadi iliyooza vizuri (mbichi inaunguza miche), kisha rudisha, lakini uso wake ubaki chini ya ardhi kwa sentimita 10 hivi. Maji yote yanatulia humo. Ukishapandikiza, tandaza nyasi kavu au maganda ya karanga kuzunguka miche.

Mwagilia jioni, na kabla ya kumwaga chomeka kidole mpaka kiungo cha pili. Ukihisi ubaridi, acha hadi kesho. Kwa maji ya kununua kwa dumu, hapo unaokoa mengi.

Sukuma wiki na chainizi hupenda ubaridi wa Juni na Julai, ziwahini. Mchicha hauchagui, wiki 4 unachuma.

Mlenda na majani ya kunde msiviache vikomae shambani mvua ikiisha. Chumeni vikiwa laini, mvianike, kama wafanyavyo bibi zetu wa Kigogo. Oktoba, bustani ikiwa imechoka, mboga ipo ndani.