Piano ya jazi na mandolini ya blugrasi: namna ya kupanga na kurekodi albamu ya watu wawili

Wanamuziki wawili wakikaa bila besi wala ngoma, kila mmoja hutamani kuziba pengo lililobaki. Matokeo yake ni sauti iliyosongamana, na msikilizaji huchoka kabla ya wimbo wa tatu. Kwa hiyo, kabla ya kugawana noti, gawaneni kazi: nani anashika mapigo, nani anashika besi, nani anaimba juu. Mwongozo huu ni wa wapigaji wanaojua tayari kodi zao, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja.

Hatua ya 1: Sikilizeni pamoja

Anzeni na albamu ya Chris Thile na Brad Mehldau, iliyotolewa na kampuni ya rekodi ya Nonesuch Januari 2017. Thile hupiga mandolini, ala ndogo ya nyuzi, na amekulia katika blugrasi, muziki wa nyuzi wa Marekani; wengi wanamjua kwa bendi za Nickel Creek na Punch Brothers. Mehldau ni mpiga piano wa jazi aliyejenga jina kwa kundi lake la watu watatu. Walishafanya ziara pamoja mwaka 2013, na ukisikiliza unajua hawa wamezoeana. Mara ya kwanza fuateni mkono wa kushoto wa piano peke yake. Mara ya pili angalieni mandolini inanyamaza wapi. Mara hiyo ya pili ndiyo yenye somo kubwa.

Hatua ya 2: Kubalianeni juu ya mapigo

Bendi ya blugrasi kwa desturi haina ngoma. Bill Monroe wa Kentucky, aliyeunda Blue Grass Boys mwishoni mwa miaka ya 1930, aliifanya mandolini ibebe kazi hiyo kwa pigo linaloitwa chopu: unachapa kodi kwa mkato, kisha unalegeza vidole vya kushoto papo hapo ili sauti ikatike. Chopu huangukia pigo la pili na la nne. Mpiga ngoma wa jazi naye hufunga matoazi ya mguu kwenye mapigo hayohayo, kwa hiyo mlango wa kuingilia upo tayari. Wekeni metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, ilie kwenye la pili na la nne tu, mfanye mazoezi hapo.

Ugomvi huja kwenye noti fupi. Jazi huzipiga kwa kuyumba, moja ndefu na moja fupi, mtindo unaoitwa swingi. Blugrasi huzinyoosha karibu sawa. Wimbo wa kasi, tuseme mapigo 200 kwa dakika na kuendelea, humaliza ugomvi wenyewe kwa sababu hata swingi hunyooka kasi inapopanda. Kwenye wimbo wa polepole lazima mmoja amfuate mwenzake, na mkubaliane kwa maneno kabla ya kuanza.

Hatua ya 3: Gawaneni ngazi ya sauti

Hapa msiwe na haraka. Mandolini ina jozi nne za nyuzi, G, D, A na E kama fidla, na ile G ya chini ndiyo G iliyo chini kidogo ya C ya katikati ya piano. Piano ina karibu oktava tatu chini ya hapo, na eneo hilo lote ni lake. Shida ni mkono wa kulia: wapiga piano wa jazi hupenda kurundika kodi za noti nne au tano kuzunguka C ya katikati, yaani nyumbani kabisa kwa mandolini.

Chukueni mzunguko wa kodi tatu: Am7, D7, Gmaj7. Mkono wa kushoto wa piano ucheze A, D, G chini kabisa. Mkono wa kulia ucheze noti mbili tu, ukianzia C iliyo oktava moja chini ya C ya katikati: C na G, kisha C na F#, kisha B na F#. Hizo ndizo noti zinazoitambulisha kila kodi, na zote haziipiti G ya chini ya mandolini. Mandolini sasa ishike B (uzi wa A, freti ya 2, yaani kipande cha pili cha shingo) pamoja na E iliyo wazi, na isihame kodi zote tatu zikipita. Noti mbili hizohizo zinabadilika maana kila piano inaposogea. Mimi naona huu ndio uzuri wenyewe wa ala hizi mbili.

Zamu ya solo ya piano ikifika, mandolini ishuke kwenye kodi za nyuzi tatu, G, D na A, kwa namba za freti: 5-5-7 kwa Am7, 5-4-5 kwa D7, 4-4-5 kwa Gmaj7. Hazina uzi ulio wazi, kwa hiyo chopu inakatika safi. Mkono wa kulia wa piano uko huru, ilimradi upande juu.

Na msipige chopu wimbo mzima. Mkono wa kushoto wa piano ukianza kutembea besi, pigo kwa pigo, mapigo tayari yanasikika.

Hatua ya 4: Tuni

Mandolini iifuate piano. Fundi wa piano huzivuta oktava za juu kidogo zaidi kuliko hesabu ya mashine ya tuni, kwa hiyo linganisha kila jozi na noti ya piano yenyewe kwa sikio. Rudia kila baada ya wimbo, maana jozi zinahama haraka.

Hatua ya 5: Rekodini chumba kimoja

Kaeni mnaonana macho. Maikrofoni ya kondensa ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka mahali shingo ya mandolini inapoungana na mwili, ikiipa piano mgongo. Kifuniko cha piano kiinuliwe kwa kijiti kifupi, na jozi ya maikrofoni zake iwe mbali na ile ya mandolini angalau mara tatu ya umbali wa mandolini na maikrofoni yake. Sauti ya piano itaingia kwenye maikrofoni ya mandolini hata hivyo, kwa hiyo hamtaweza kukata kosa la mmoja bila kumgusa mwingine. Rekodini kila wimbo mzima, mchague ulio bora. Mandolini ikizama, mwambieni mpiga piano apunguze noti kabla hamjagusa vitufe vya mikseri.