Ratiba ya chakula cha jioni bila kurudia maharage kila siku (na bila kufilisika)

Mi ni fundi wa kuchomelea, sio mpishi, hilo lijulikane mapema. Mke wangu alivyopata nafasi ya kwenda kusoma Dodoma miaka miwili nikabaki hapa Uyole, Mbeya, na watoto wanne pamoja na shemeji yangu mdogo anayesoma ufundi, jumla matumbo sita, na wiki ya kwanza tulipiga ugali maharage siku tano mfululizo mpaka mkubwa wangu yuko darasa la sita akaniuliza, baba kwani mboga zingine zimeisha sokoni?

Na hayo maharage yenyewe sasa. Kuna Jumatano nimetoka kazini nikayabandika saa kumi na moja na nusu nikijua saa moja tunakula, saa tatu ukikoroga bado yanagonga sufuria kama kokoto, tumekuja kupakua saa nne na kadogo kangu kameshalala pale pale kwenye mkeka kijiko kiko mkononi. Mkaa wa siku mbili nimeumaliza usiku mmoja. Kesho yake namsimulia mama mmoja anayeniuzia mboga, akacheka kweli, akasema baba, maharage ya jioni yanaanza jana.

Kumbe ndo hivo. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, huku juu maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100 kama ya Dar, kwahiyo hata uchochee moto vipi maji hayapati joto zaidi ya hapo, unachoongeza ni mvuke na hasara ya mkaa. Maharage, mahindi ya kande na nyama ngumu vyote vinachelewa. Presha kuka inasaidia sana kwasababu inafunga mvuke joto linapanda, kama huna basi loweka usiku, asubuhi mwaga yale maji weka mengine. Na usinunue maharage yaliyokaa sana gunia, yale hata uyaloweke yanakuja kuiva kwa kinyongo, muulize muuzaji kama ni ya msimu huu. Ukiwa na haraka chukua ya njano, yanawahi kuiva kuliko mengi.

Kuanzia pale nikaacha kupanga chakula nikaanza kupanga moto. Yaani swali la kwanza sio "leo tule nini", swali ni siku gani nyumbani kuna mtu wa kukaa na jiko muda mrefu na siku gani narudi nimechoka nataka kitu cha dakika arobaini. Kwangu moto mrefu ni Jumapili mchana na Jumamosi, siku zingine zote ni moto mfupi. Ukishajua hilo ratiba inajiandika yenyewe karibu nusu.

Nilichofanya nilichana karatasi ya daftari nikapiga mstari katikati, kushoto nikaandika wanga kulia mboga, nikaitundika kwenye msumari mlangoni. Wanga tunazo ugali, wali, ndizi, viazi na kande. Mboga nikaandika maharage, dagaa, majani yaliyoungwa karanga, njegere, mayai, nyama. Tano mara sita ni 30, mwezi mzima huo, ingawa kiukweli hakuna mtu anakula kande kwa mayai ya rosti, toa hizo za ajabu ajabu bado zinabaki za kutosha. Masharti yangu mawili tu: wanga ule ule usifuatane siku mbili, na mboga hivo hivo, isipokuwa maharage ya kande Jumamosi na yale ya Jumapili. Ugali ukiwa Jumatatu basi unarudi Alhamisi, hata kama ndo rahisi kuliko vyote, na ndo rahisi kweli.

Jumapili basi. Mchana nachemsha maharage kilo moja na nusu kwa mpigo, bila chumvi nyingi bila kiungo chochote, hapa ndo pa kuzingatia maana ukishayaunga yote kwa vitunguu na nyanya umejifunga, utakula ladha ile ile wiki nzima. Yakiiva nagawa mafungu matatu. La kwanza linaungwa jioni ile ile tunakula na wali. La pili linakaa friji mpaka Jumanne. La tatu linaenda kwenye friza kusubiri kande ya Jumamosi. Kama huna friji chemsha ya siku mbili tu, na uyarudishe jikoni yachemke vizuri asubuhi na jioni, usijidanganye eti Mbeya baridi, mwezi wa kumi na wa kumi na moja joto lipo na maharage yanachacha.

Mchele mi sinunui wa daraja la kwanza kila siku. Wa Kyela ule unaonukia ni wa wageni na sikukuu, siku za kawaida nachukua chenga, bei iko chini na ukipunguza maji kidogo unatoka vizuri, watoto hawajawahi kulalamika. Wali ukibaki uondoe jikoni upoe haraka, kesho yake uupashe mpaka ufuke moshi, usiuache usiku kucha kwenye sufuria juu ya makaa ya uvuguvugu, huo unaharibika bila kunuka.

Jumatatu ugali, majani ya karanga na dagaa kidogo pembeni. Majani nabadilisha kulingana na soko, wiki hii mnafu wiki ijayo majani ya maboga au chainizi. Mnafu watoto walikuwa wanaukimbia uchungu, nikafundishwa kuuchemsha kwanza, kumwaga yale maji, alafu unaunga na kitunguu unamalizia karanga za kusaga, sasa hivi wanagombania. Majani ya maboga usisahau kuvuta zile nyuzi kwenye vikonyo, mi mara ya kwanza nilizipika nazo, tulikuwa kama tunatafuna kamba. Dagaa naosha kwa maji ya vuguvugu mara mbili tatu mchanga utoke, nakata vichwa, nakaanga mpaka wakauke ndo naweka kitunguu na nyanya. Robo kilo inatosha sisi sita.

Jumanne ndizi na lile fungu la pili la maharage. Hapa sisi wa Uyole tumependelewa, tuko njia panda ya kwenda Tukuyu na Kyela, ndizi zinashuka hapa kabla hazijafika mjini. Nachukua chana mbili tatu za mbichi, mbalaga kama wanavyoziita Wanyakyusa, namenya huku nimejipaka mafuta mikononi ule utomvu usigande, nakata, nabandika na kitunguu nyanya karoti, zikikaribia kulainika namwagia maharage yaliyoiva tayari pamoja na mchuzi wake, dakika kumi umemaliza. Jikoni nimekaa chini ya saa moja na chakula kinaonekana kama kimepikwa kutwa. Huyo mama wa mboga nilipomwambia nimepika mbalaga mwenyewe akanijibu ndaga fijo baba, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaniongezea pilipili bure.

Jumatano viazi mviringo na nyama. Ndo siku pekee ya nyama na nanunua nusu kilo, kwa watu sita ni kidogo, kwahiyo naikata vipande vidogo kabisa, naichemsha mpaka ilainike, nachanganya na viazi na njegere sufuria moja, ladha ya nyama inaenda kwenye kila kiazi na hakuna wa kuhesabu vipande. Mnofu mtupu wa kula na ugali nusu kilo ingeisha kwa watu wawili. Viazi nanunua ndoo nzima maana ukichukua mafungu mafungu unalipa zaidi, ila viweke gizani, mi niliviacha dirishani vikapata rangi ya kijani, ile sehemu ya kijani ni sumu na ina uchungu, nikatupa karibu robo ndoo, roho iliniuma.

Alhamisi ugali na mayai ya rosti. Hii ni ya dakika ishirini na tano. Nyanya nyingi na kitunguu vinakaangwa mpaka mafuta yajitenge, unavunja mayai juu yake unafunika, hukorogi. Nyanya zikishuka bei nanunua sado nzima, natengeneza rosti ya kutosha naweka kwenye chupa kwenye friji, siku mbili tatu hizo sihangaiki tena na kukata kitunguu usiku.

Ijumaa nimeiacha wazi. Mwanzoni nilijaza siku zote saba na ratiba ikanivunjikia wiki ya pili tu, maana kuna siku mtu analeta samaki, kuna siku umealikwa, kuna siku kuna viporo vya siku tatu vimekaa vinakutazama. Siku moja wazi inameza yote hayo.

Jumamosi kande. Mahindi yaliyokobolewa yameshalowekwa tangu Ijumaa usiku, asubuhi shemeji anabandika, kufikia jioni yamelainika ndo tunachanganya na lile fungu la tatu la maharage, tunaunga na karanga. Kuna wanaopenda kande kavu, mi napenda yenye mchuzi mzito, na ikilala kesho yake asubuhi na chai ndo tamu zaidi.

Kuhusu hela, mi natenga elfu hamsini kwa jioni zote saba, unga na mchele havimo humo maana mahindi nanunua magunia mara moja baada ya mavuno, kati ya mwezi wa sita na wa saba bei ikiwa chini, na nasaga nusu debe nusu debe. Tunakula dona, ile ina kiini na mafuta yake, ukisaga nyingi ikae miezi inapata uchungu. Ukisubiri ununue mahindi mwezi wa kwanza wa pili utalia, akiba za watu zimeisha na mapya bado yako shambani. Majani ndo kinyume chake, masika unapewa fungu hulimalizi, kiangazi linakuwa la kushikwa na vidole viwili, hapo ndo naongeza njegere kavu na dagaa. Kwahiyo karatasi yangu ya mwezi wa tatu haifanani na ya mwezi wa tisa, usiing'ang'anie.

Sokoni naenda Jumamosi baada ya saa kumi, wauza majani wanataka kurudi nyumbani mafungu yanakuwa mawili kwa bei ya moja. Dagaa na nyama lakini usisubiri jioni.

Kingine, waache watoto waisome hiyo karatasi. Yule wa darasa la sita juzi kachukua peni nyekundu kaandika ZEGE, yaani chipsi mayai, kwenye Ijumaa, herufi kubwa, na mdogo wake kaweka tiki chini yake. Nikapiga hesabu za kununua kwenye banda la chipsi kwa watu sita nikaona hapana, nikatoa viazi vile vile vya ndooni, mafuta nusu lita, mayai sita, tukakaanga wenyewe sahani kwa sahani mpaka saa mbili na nusu. La kwanza lilivunjika nikalila mimi.